Sikukuu Tulizopewa

Nikisema ndoa yangu ilivunjwa na sikukuu za serikali, watu hucheka kwanza, halafu hunitazama kuona kama nami nacheka. Sicheki. Nimefanya kazi halmashauri miaka mingi, nimefagia mwalo, nimesimamia wanaofagia mwalo, nimevaa fulana za maadhimisho za rangi zote, na najua ninachosema. Wengine ndoa zao huvunjwa na pombe, au na wifi mwenye mdomo. Yangu ilivunjwa na huruma ya mkubwa mmoja aliyesimama jukwaani akiwa na kipaza sauti na moyo mzuri.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Mwalo ni pale ufukweni ambapo boti za uvuvi hushusha samaki. Wetu uko kando ya Ziwa Tanganyika, si mbali na nyumbani kwangu Rusimbi, na shughuli yake kubwa ni dagaa. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Boti zinaingia majini jua likizama, taa zinawashwa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, taa haina kazi. Ziwa lote limeangazwa, dagaa wametawanyika, na wavuvi wanarudi nyumbani. Siku hizo tunaziita mwangaza, na zile nyingine tunaziita giza. Mtu wa ziwani akikuambia tuonane mwangaza, hana haja ya kutaja tarehe. Harusi za wavuvi hufungwa mwangaza, arobaini husogezwa hadi mwangaza, hata ugomvi wa mke na mume huwekwa kiporo hadi mwangaza, kwa sababu gizani mume wa kugombana naye hayupo.

Sisi wafanyakazi wa mwalo tulikuwa na utaratibu ambao sikumkuta aliyeuanzisha. Gizani tulifanya kazi bila kuangalia kalenda. Idi tupo, Krismasi tupo, Pasaka, Muungano, zote tupo. Boti haijui Pasaka. Dagaa wakishushwa alfajiri wanataka chanja za kuanikia zilizosuguliwa, wanataka maji safi, wanataka mtu wa kufoka ili wasimwagwe mchangani. Fidia yake, mwangaza ukiingia tulipumzika. Lango linafungwa, anabaki mlinzi, kila mtu anakwenda kwa watu wake. Jambo hilo halikuandikwa popote. Wakubwa waliopita wote walilijua na wakaliacha, maana mwalo mtupu hauna cha kusimamia.

Mimi nilikuwa nakwenda Ilagala, kusini kando ya ziwa hilo hilo.

Mume wangu alikuwa mtu wa huko, nahodha wa boti ya dagaa ya tajiri mmoja. Mwangaza vijana wake wa boti walitawanyika makwao, lakini yeye alibaki kambini, kwa sababu hapo ndipo nyavu hushonwa na nyufa za boti huzibwa, na injini ya tajiri haiachwi peke yake. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfuata. Watoto wetu walikuwa watu wazima, wameshaondoka. Nyumba ya Rusimbi tuliijenga pamoja, ila yeye aliishi humo kwa vipande vipande. Mwezi ukianza kunenepa nilinunua mikate Ujiji, nikapanda boti ya abiria, nikaenda kuwa mke.

Mume wangu alikuwa mtu wa siku ya tatu. Siku ya kwanza hasemi. Hajakasirika, hana neno na wewe, ila ametoka kuishi na mngurumo wa injini na wanaume wanaopigiana kelele juu ya huo mngurumo, na kimya kwake ni kama kitanda. Anakupikia samaki, mgebuka kwa mafuta ya mawese, maana wanaume wa kambini wanajua kupika kuliko sisi, anakula, anakaa. Siku ya pili anaanza uchokozi: kwamba mikono yangu inanuka sabuni ya serikali, kwamba natembea kama ninayekagua ufukwe. Siku ya tatu ndipo anasema la moyoni. Ilikuwa siku ya tatu aliponiambia kwamba anaogopa maji, yeye, aliyekulia majini, na kwamba hajawahi kumwambia mtu. Shule za watoto, ujenzi, mazishi ya mama yake, yote tuliyapanga siku ya tatu. Dada zangu walinishangaa, mume gani wa kusubiriwa kama ugali wa mwenzako. Mimi nilimpenda hivyo hivyo. Nilijua nikikaa nitampata.

Sasa mwaka huo Mei Mosi iliangukia mwangaza. Kwa kawaida Mei Mosi ikiangukia giza tuko kazini, na ikiangukia mwangaza kila mtu ameshapotea, basi katika miaka yangu yote watu wa mwalo hatukuwahi kuandamana. Mwaka huo msimamizi wetu alipata haya. Akatuzuia siku moja tu tusisafiri, akatuletea fulana za njano, tukaenda uwanjani. Nakumbuka nilikuwa na kikapu changu cha mikate tayari nyumbani, nikipanga kuondoka kesho yake.

Tulipopita mbele ya jukwaa, mkubwa wetu mpya wa halmashauri, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu ahamie kutoka mkoa mwingine, akamwinamia mshereheshaji.

"Hawa ni akina nani? Mbona sijawahi kuwasikia?"

"Wa mwalo, mheshimiwa. Hawa sikukuu zote huwa kazini."

"Zote? Hata Idi? Hata Krismasi?"

"Zote, mheshimiwa."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. Niliiona huruma ikimpanda mkubwa usoni, na nasema kweli haikuwa ya kuigiza. Akasema jambo hilo halikubaliki. Akasema watu wa mwalo ni wafanyakazi kama wengine, na kwamba tangu siku hiyo tutapumzika wenzetu wanapopumzika, kila sikukuu ya taifa, na kila Jumapili. Halafu akaongeza, kwa sauti ya baba anayekemea kwa upendo, kwamba zile siku alizodokezwa kuwa tunajipumzisha kienyeji sasa zikome, tufanye kazi kwa utaratibu kama watu wenye hadhi.

Huku kwetu mkubwa akikupa kitu mbele za watu, unapokea kwanza kwa mikono miwili. Kama ni kibovu utakijulia nyumbani. Tukapiga makofi. Mwenzetu mmoja akapiga kigelegele kirefu mpaka mpiga picha akamgeukia. Hakuna aliyeogopa, kwa sababu tulidhani ni maneno ya jukwaani, na maneno ya jukwaani huku hukauka kabla viti havijakusanywa.

Haya hayakukauka. Mwezi huo huo ilikuja mashine ya alama za vidole, ikafungwa ukutani kwenye kibanda cha lango. Unaweka kidole asubuhi, unaweka kidole jioni. Mwangaza uliofuata nilikuwa mwalo.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu ambaye hajakaa kwenye mwalo mtupu. Hakuna boti iliyoingia, hakuna chanja yenye kitu, wachuuzi hawajaja, hata kunguru wamehamia kwingine. Tulifagia asubuhi. Mchana tukafagia tulipofagia. Wengine walisuka nywele. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa zege nikitazama upande wa kusini, ambako kwa wakati ule mume wangu alikuwa anashona wavu peke yake, na tulikuwa tumetenganishwa na mashine ya kidole. Siku hiyo mkubwa alikuja kututembelea. Akazunguka, mikono nyuma, akaridhika.

"Mwalo safi sana," akasema. "Hamna hata gamba la samaki."

Msimamizi akamshukuru. Ningekuwa na ujasiri ningemwambia kwamba gamba la samaki halipo kwa sababu samaki hawapo, na samaki hawapo kwa sababu mwezi upo, na mwezi upo tangu kabla halmashauri haijaundwa. Sikusema. Nilijichukia kwa kutosema, lakini mshahara ni mshahara.

Halafu ikaja Idi. Idi ya kumaliza mfungo huandamana na mwezi mchanga, na mwezi mchanga maana yake ni giza, na giza maana yake boti zote ziko majini. Watu wa jukwaani hawakuliwaza hilo. Walitupa Idi siku ambayo hakuna mume mvuvi aliyeko nyumbani. Nilivaa, nikasali, nikapika pilau ya mtu mmoja nikaila na majirani. Lango la mwalo lilikuwa limefungwa kwa heshima ya sikukuu. Boti zilipofika alfajiri na mizigo yao zikakuta kufuli, zikaenda kushusha pembeni kwenye mchanga, na mji mzima ulikula dagaa wenye mchanga wa kusaga meno wiki nzima. Baada ya hapo wakaajiri vibarua wa sikukuu na Jumapili. Wakapewa makoti yetu. Hivyo kazi yetu ikafanywa na wengine tukiwa nyumbani bila waume, kisha mwangaza tukaitwa kuja kulinda zege.

Katika sikukuu zote walizotupa, Maulidi peke yake ndiyo iliyoangukia katikati ya mwangaza kila mwaka, maana huja mwezi ukiwa umekaribia kujaa; Idi ya kuchinja huja mapema mno, na Pasaka mara nyingi huja boti zikiwa zimeanza kurudi majini. Siku moja. Ukiondoa safari ya kwenda na kurudi Ilagala, nusu siku.

Tulikwenda ofisini kulalamika, na hapo ndipo nilipoona kwamba tumekwisha. Afisa utumishi alikuwa binti mpole, wa umri wa mwanangu. Alinyanyuka, akaniamkia, akanivutia kiti. Ningependa angekuwa na kiburi, ningekuwa na pa kushika.

"Shikamoo mama. Nimesikia mna shida na sikukuu."

"Marahaba mwanangu. Hatuzitaki."

Akatazama wenzangu, akadhani natania.

"Hamtaki nini, mama?"

"Sikukuu. Turudishieni mwangaza wetu, sikukuu tutafanya kazi kama zamani."

"Mama, sikukuu ni haki yenu. Ziko kwenye sheria. Huo mwangaza haumo. Nikiwaachia mkae nyumbani siku za kazi, nitaulizwa mimi."

"Kazi gani mwangaza? Boti haziji."

"Naelewa. Lakini siku ya kazi ni siku ya kazi." Akafikiri, akataka kunisaidia. "Mama una likizo ya mwaka. Unaweza kuigawa."

Nilikuwa nimeshaigawa. Nilikuwa nimeikatakata kama mkate wa wageni wengi, kipande mwangaza huu, kipande mwangaza ule, na mwaka ulikuwa bado una miezi na likizo imekwisha. Mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, ambaye tulikwenda naye atutetee, alikuwa anacheka kwa ndani mpaka mabega yanatikisika. Nje akaniambia ameshatetea watu wengi lakini hajawahi kumwona mfanyakazi anayeandamana kukataa mapumziko. Hadithi hiyo akaisambaza. Nikawa naitwa mama mwangaza kwenye korido za ofisi, na wanaonita hivyo wananitakia mema kabisa.

Wa kumlaumu angekuwepo ningepona upesi. Lakini hata mwalo kwenyewe hatukuwa kitu kimoja. Mlinzi wetu wa lango alikuwa mzee wa watu waliovuka kutoka Kongo zamani, Mkristo, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani kwake. Miaka yote ya kazi yake, Krismasi ikifika aliisikia kwaya yake kwa mbali akiwa langoni. Krismasi ya kwanza baada ya tangazo aliimba. Alipokuja kazini kesho yake sauti ilikuwa imemkauka na uso unang'aa. Nikamwambia tufanye mapatano: mimi nikae badala yake siku nyingine atakazo, yeye anisimamie mwangaza.

"Mama, mimi ningekubali," akasema, akinionyesha mashine ukutani. "Lakini hiki kitu kinataka kidole chako wewe. Nitakutolea wapi kidole?"

"Basi."

"Nakuonea huruma, kweli. Lakini usiniombe nichukie Noeli yangu."

Sikumwomba. Nilikwenda kukaa kwenye zege langu.

Zikabaki Jumapili. Nilikuwa napanda gari la alfajiri, maana boti ya abiria haikurudi siku hiyo hiyo, nafika Ilagala jua limeshapanda. Ikiwa ni giza, namkuta amelala, ametoka majini, na mtu aliyekesha na nyavu huwezi kumwamsha umwambie tuongee. Nakaa mlangoni kambini, namsikiliza anavyokoroma, nafua nguo zake, napika, anaamka, tunakula, gari linapiga honi. Ikiwa ni mwangaza, namkuta yuko macho, na yuko katika siku yake ya kwanza. Ananiuliza kuhusu safari. Namjibu. Anarudi kwenye wavu. Halafu napaswa kuondoka. Wiki inayofuata narudi, na namkuta tena katika siku ya kwanza, kwa sababu siku zake zilihesabika kuanzia nikiwepo, hazikusogea nikiwa sipo. Mwaka mzima nilikuwa na mume wa siku ya kwanza. Nilianza kusahau utani wake. Nilimtania mimi, akanitazama kama mtu aliyesikia lugha aliyowahi kuijua.

Tuligombana mara moja tu vizuri. Ilikuwa Jumapili ya mwangaza na gari lilikuwa limeharibika, nikapata saa kadhaa za ziada.

"Acha kazi," akasema. "Njoo ukae huku."

"Niache kazi nimebakiza kidogo nistaafu?"

"Kwani tutakufa njaa?"

"Wewe njoo mjini mwangaza. Kila mvuvi anarudi kwake, wewe unalinda injini ya watu."

"Injini ikiibiwa ni mimi."

"Na mke akiibiwa?"

Nilisema hivyo kwa utani, namshuhudia Mungu, lakini hakucheka. Akasema mke haibiwi, mke huondoka mwenyewe. Nilikasirika, nikamwambia mimi ndiye ninayepanda magari kila wiki, yeye hajapanda hata moja. Na ilikuwa kweli. Yeye akasema hajawahi kubadilisha kitu chochote, yuko palepale aliponioa, mwangaza yuko kambini, giza yuko majini, aliyebadilika ni mimi na serikali yangu. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Gari likatengemaa, nikapanda.

Baada ya hapo tukawa watu wa simu. Mtandao wa kule kambini ulikuwa unakuja na kupotea, na alikuwa anapanda kwenye kilima kidogo ili anipate. Mwanzoni alipanda. Halafu akawa ananipigia akiwa na shida ya kitu: nyuzi za kushonea, dawa ya mgongo. Alinisemesha kwa adabu, kama ninavyosemeshwa na mwenye duka. Nilikuwa namaliza kuongea naye naona aibu, kwamba nimeongea na mume wangu na sina la kukumbuka. Kulikuwa na siku nilitamani nisikie ana mwanamke. Ningemjua adui yangu kwa sura, ningemwendea kwa miguu yangu nikamvue kilemba. Niliuliza watu wa Ilagala waliokuja kuuza. Wakaniapia hana. Anashona wavu tu, wakasema, na amekuwa mkimya.

Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alinikuta mwalo mwangaza mmoja, nimekaa na ufagio. Alisimama kidogo akiangalia ule uwanja mtupu kabla hajanisalimu.

"Shemeji, hapa mnafanya nini?"

"Tunafanya kazi."

Akaketi kando yangu. Yeye ni mtu wa kuzunguka mbuyu, lakini siku hiyo hakuzunguka sana. Akasema amepewa ujumbe na hakuupenda, lakini hakuna mwingine wa kuubeba.

"Anasema hana ubaya nawe. Anasema amekuwa kama mtu aliyeoa mgeni wa Jumapili. Anaona bora muachane kwa heshima, kabla hamjaanza kuchukiana."

"Kasema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Kakwambia siku ya ngapi?"

Hakuelewa, na sikumweleza. Lakini jambo moja liliniumiza kuliko ule ujumbe wenyewe. Yale maneno yalikuwa ya moyoni kabisa, na aliyekaa naye mpaka yakatoka ni kaka yake. Mimi nilikuwa hapa nalinda zege.

Shemeji akaendelea kwamba wazee wamekubaliana kikao kiwe mwangaza ujao, nyumbani kwetu Rusimbi, kama ilivyo desturi. Nikacheka, na nadhani kicheko kile kilimtisha.

"Mwangaza mimi niko kazini, shemeji."

"Huwezi kuomba ruhusa?"

Niliweza. Ruhusa ya dharura ningepewa, yule binti mpole angenipa na kunipa pole juu yake. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba sitakwenda kuomba mwangaza wa kuachwa ofisini ambako nilinyimwa mwangaza wa kuolewa. Ulikuwa ukaidi, na niliujua, na niliushika kwa mikono yote miwili kwa sababu ndiyo mali pekee niliyobaki nayo.

"Mwambie Sabasaba," nikasema. "Sabasaba wametupa."

Shemeji akahesabu kichwani. "Sabasaba ni giza."

"Najua."

Wakati huo serikali ilikuwa haijaanza utaratibu wa kulifunga ziwa kwa miezi ili samaki wazaliane, kwa hiyo Sabasaba boti zilikuwa kazini kama kawaida, tena dagaa walikuwa wamechanganya, wanapatikana kwa wingi. Nilitegemea atakataa. Nilijipa moyo kwa hilo, na sasa naona ni moyo wa namna gani: kwamba mume wangu hawezi kuacha maji gizani, hajawahi, si kwa homa ya watoto, si kwa harusi ya binti yetu ambayo tuliisogeza mpaka mwangaza kwa ajili yake. Atasema haiwezekani, kikao kitasogezwa, na huko mbele nani ajuaye.

Sabasaba asubuhi nilifagia ua. Mji ulikuwa na ngoma kwa mbali na watu waliovaa vizuri. Sikuvaa vizuri. Nilikuwa bado na ufagio mkononi alipoingia, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amekonda, mvi ambazo mara ya mwisho sikuziona zimeingia kwenye ndevu. Alikuja mapema kuliko wote. Alisimama uani akiangalia bati la jikoni, ambalo lilikuwa limelegea, na nikaona mkono wake ukitaka kulishika.

Nikamletea kiti. Nikamuuliza kama amekula, akasema hajala, nikamtengenezea chai. Tukakaa wawili, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye kiti, tukiwasubiri wazee.

"Boti umemwachia nani?" nikamuuliza.

"Nimeisimamisha."

"Umesimamisha boti gizani?"

"Nilimwambia tajiri nina jambo la nyumbani. Akakubali."

"Alikubali hivi hivi?"

"Alisema mbona siku zote sijawahi kuomba."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona tena. Sikumpigia kelele. Nilimuuliza tu, polepole, kwa nini hakuisimamisha hata mara moja mwaka ule mzima, Idi moja, Pasaka moja, sikukuu yoyote katika zile walizonipa, akaja akakaa kwenye nyumba hii mpaka aongee. Alishika kikombe kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Nilimjua bado. Nilijua hajawahi kuliwaza jambo hilo mpaka dakika ile, kwamba kwake giza ni giza kama jana ni jana, halijadiliwi. Nami sikuwahi kumwomba, kwa sababu hata mimi, mtoto wa ziwani, nililala na kuamka nikijua kwamba mvuvi haombwi kuacha giza. Mwangaza wangu nilikwenda kuupigania ofisini. Giza lake sikuligusa.

"Sikujua kama inawezekana," akasema mwishowe.

Akaweka kikombe chini. Akasema bati la jikoni litavuja mvua zikianza, linataka misumari miwili tu. Nikamwambia misumari iko kwenye kopo, juu ya kabati. Akasema anajua. Hakuna aliyeinuka. Ilikuwa sikukuu ya kwanza ya serikali tuliyokaa pamoja tangu wametupa sikukuu, na jua lilikuwa zuri, na kwa jirani walikuwa wanapika.

Hodi ikapigwa mlangoni. Walikuwa wazee, na mashahidi nyuma yao.

"Karibuni," tukaitika wote wawili kwa pamoja, kama wenye nyumba, na tukainuka kuwatafutia viti.